Nani Kakata Hapa? Sinema za Rokenroli Zilivyoingia Sebuleni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni kwenye mkutano wa klabu yetu ya sinema. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliozuiwa na mvua. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

Wazee wangu, shikamooni.

Vijana, marahaba. Mwenyekiti amenipa nusu saa. Mimi ni fundi, na nusu saa ya fundi kila mmoja wenu ameshawahi kuionja, kwa hiyo wenye safari ndefu wakae karibu na mlango. Sitakasirika.

Nimeombwa nizungumzie sinema za rokenroli za miaka ya 1950 na 1960, na jinsi zilivyotufikia majumbani kwa kanda za video na baadaye kwa sahani za DVD. Mwanzoni nilikataa. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba mimi si msomi wa sinema. Nilifungua meza ya ufundi Kariakoo mwaka 1985, nikatengeneza redio, nikatengeneza televisheni, na kuliko vyote nikatengeneza deki. Sinema nyingi nilizoziona maishani nimeziona dakika kumi kumi, kifuniko cha deki kikiwa wazi, bisibisi mkononi, nikingoja picha itulie. Akanijibu, "Basi hayo hayo, Fundi. Waeleze ulichokiona huko ndani."

Nilichokiona huko ndani ni hiki. Sinema haikufikii kama ilivyotoka kwa aliyeipiga. Inapita mikononi. Kila mkono unaoipokea una mkasi wake. Mmoja anakata picha, mwingine anakata sauti, mwingine anakata wimbo, na mwingine anamkata mtu mzima akaondoka na gitaa lake. Ndiyo maana nikiletewa kanda, swali langu la kwanza halikuwa "sinema gani hii?" Swali langu lilikuwa moja: nani kakata hapa?

Lishikeni hilo. Nitawauliza tena.

Kwanza turudi nyuma, kabla ya deki. Tarehe 18 Septemba 1968, jijini London, The Beatles walikuwa studio wakirekodi. Wakati ule hakukuwa na vijana waliosikilizwa duniani kuwazidi. Usiku huo televisheni ya BBC2 ilikuwa inaonyesha sinema ya Marekani ya mwaka 1956, *The Girl Can't Help It*. Mnajua walifanya nini? Waliweka vyombo chini. Wakaondoka studio, wakaenda nyumbani kwa Paul McCartney, ambako si mbali, wakakaa mbele ya televisheni kama watoto wa madrasa waliotoroka, wakaitazama hadi mwisho. Kisha wakarudi studio kuumalizia wimbo waliokuwa nao usiku huo, "Birthday".

Hebu fikirini. Watu wenye fedha zile! Mtu angeweza kununua jumba zima la sinema na bado akabakiwa na chenji. Lakini kuitazama sinema anayoipenda, ilimbidi akimbie nyumbani kwa saa aliyopangiwa na kituo. Hakuwa na njia nyingine rahisi. Deki ya Betamax ilikuja mwaka 1975, ya VHS ikafuata Japani mwaka 1976. Kabla ya hapo sinema ilikuwa kama mgeni wa meli. Ikitia nanga unakwenda bandarini, ikiondoka imeondoka.

Na kwa nini sinema ile? Kwa sababu ndani yake yumo Little Richard amesimama mbele ya piano, hataki kukaa. Yumo Fats Domino. Yumo Gene Vincent. Na yumo Eddie Cochran akiimba "Twenty Flight Rock", wimbo ambao Paul, akiwa na miaka 15, alimpigia John Lennon, mwenzake wa baadaye katika The Beatles, siku walipokutana kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton, Liverpool, tarehe 6 Julai 1957. Cochran mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari Uingereza, Aprili 1960, akiwa na miaka 21. Kwa hiyo usiku ule wa 1968 walikuwa wanamtazama marehemu. Nani mwingine angewarudishia?

Sasa, waliozitengeneza sinema hizi hawakuwa na habari ya kumrudishia mtu yeyote kitu chochote. Hilo ndilo linalonichekesha. Mwaka 1955 ilitoka sinema ya shule yenye wanafunzi watukutu, *Blackboard Jungle*, na juu ya majina ya mwanzo wakaweka wimbo wa Bill Haley, "Rock Around the Clock". Wimbo mmoja tu! Vijana wakasimama na kucheza. Sam Katzman, mtayarishaji aliyesifika kwa kupika sinema haraka kwa mafuta kidogo, akaona biashara. Januari 1956 alikuwa anapiga picha, Machi sinema iko kwenye kumbi, na jina ameliweka lile lile la wimbo ili asije mtu akapotea njia. Hadithi yake? Msiniulize hadithi. Bendi inagunduliwa, bendi inapiga, watu wanacheza, kwaherini. Uingereza vijana walichana viti vya ukumbi, na baadhi ya miji ikaipiga marufuku.

Ilikuwa bidhaa ya msimu, kama maembe. Walidhani rokenroli itaoza baada ya miezi sita, kwa hiyo wauze haraka. Na waliowaweka mbele ya kamera wakafungua na kufunga midomo juu ya santuri iliyokuwa ikipigwa pembeni. Hata hivyo leo tunawapata humo watu ambao hatuna pengine pa kuwapata. Ritchie Valens alikufa kwenye ajali ya ndege Februari 1959 akiwa na miaka 17. Sinema aliyowahi kuonekana ni moja tu, *Go, Johnny, Go!*, iliyotoka mwaka ule ule, yeye akiwa ameshazikwa. Anaimba wimbo mmoja. Haya, mtu akikuletea nakala iliyokatwa wimbo ule, amekukatia nini? Amekukatia dakika mbili? Amekukatia mtu.

Nani kakata hapa?

Tuanze na aliyekata picha. *The Girl Can't Help It* inaanza hivi. Mwigizaji Tom Ewell anatokea, amevaa suti, amesimama jukwaani. Picha ni nyeusi na nyeupe, tena ndogo, ya mraba, kama televisheni ya siku zile. Anawakaribisha watazamaji kwenye sinema kubwa ya CinemaScope, kisha anaona mbona picha ni nyembamba. Basi anazisukuma kingo za picha, upande huu na upande huu, nazo zinatanuka hadi ukuta mzima unajaa. Kisha anasema habari ya rangi, rangi zinakosekana, anangoja kidogo, rangi zinaingia. Ukumbi mzima unacheka. Mwongozaji wake, Frank Tashlin, alitokea kwenye katuni, na mtu wa katuni hana heshima kwa kingo za picha.

Mzaha ule ulikuwa wa kuikejeli televisheni. Kumbukeni mwaka ni 1956, watu Marekani wanabaki majumbani na televisheni zao, wenye kumbi wanalia. CinemaScope ililetwa kuwavuta warudi: picha pana, upana wake zaidi ya mara mbili ya kimo. Hata Eddie Cochran tunamwona humo akiimba ndani ya televisheni ambayo wahusika wanaitazama.

Sasa chukua sinema hiyo uiweke kwenye kanda ya kutazamwa kwenye televisheni ya mraba. Tom Ewell anazisukuma kingo... zinaenda wapi? Haziendi popote! Zimeshakatwa. Mtu anasukuma hewa. Mzaha wa kuicheka televisheni umemezwa na televisheni.

Kwa wasiojua hesabu yake, nitaieleza kwa kanga. Chukua doti yako mpya, kata pindo ya kushoto, kata pindo ya kulia, ubaki na mji peke yake, halafu uniambie umevaa kanga. Picha pana ya namna ile ikilazimishwa kujaa kioo cha mraba, inapoteza zaidi ya sehemu 40 katika kila 100. Na haikukatwa na mashine. Kuna mtu alikaa mezani akaamua: sasa tuwaonyeshe huyu wa kushoto, sasa tusogee kwa huyu wa kulia. Kamera ya mwongozaji ilikuwa imetulia, lakini kwenye kanda picha inatambaa, kwa sababu mtu wa meza anamtafuta anayeongea.

*Jailhouse Rock* ya mwaka 1957 nayo ni hivyo hivyo, nyeusi na nyeupe lakini pana. Ile ngoma maarufu ya gerezani, vyumba ghorofa mbili, wafungwa wanateremka kwenye nguzo, Elvis Presley katikati. Niliitazama kwenye kanda labda mara thelathini nikidhani ni ngoma ya watu sita. Siku nilipoiona kwa upana wake nilikasirika, wallahi. Kumbe pembeni kote kulikuwa na watu wanacheza kwa jasho lao, na mimi miaka yote hiyo sikuwahi kuwaona.

Nani kakata hapa? Mtu wa meza.

Hapa nifikie habari iliyonileta, na vijana naomba muweke simu chini kidogo.

Ilikuwa 1989. Mnajua Bara hatukuwa na kituo chetu cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi huku televisheni bila deki, na bila antena ndefu ya kuinasa Zanzibar, ilikuwa pambo la kuwekea kitambaa cha kufuma. Kwa hiyo deki ndiyo ilikuwa kila kitu, na fundi wa deki alikuwa mtu. Akaja kwangu mzee mmoja mpiga gitaa. Alipiga kwenye mabendi ya hotelini tangu ujana wake. Kabeba deki kwenye kanga kama mtoto mgonjwa.

"Mdogo wangu," akaniambia, "deki hii inakimbia."

"Inakimbia vipi, kaka? Picha inaruka?"

"Picha haina neno. Muziki unakimbia."

Mpwa wake alikuwa amemletea kutoka London kanda halisi ya *Jailhouse Rock*, siyo ya kurudufu, yenye boksi lake. Na yeye ile santuri anayo tangu zamani, gitaa amelilinganisha na santuri. Akiweka kanda, akipiga naye, havikai pamoja. Anapandisha gitaa nusu sauti, bado hakikai, sasa gitaa limezidi. Wimbo umekaa katikati, pasipo na pa kuweka kidole. "Sipotoki sikio mimi," akasema. "Chunguza mashine yako."

Mashine yangu! Yeye ndiye kaileta.

Nikaifungua. Nikasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma ukanda, kwa spiriti. Nikabadilisha mpira unaozungusha, ulikuwa umelegea kweli, nikafurahi, nikasema ugonjwa nimeupata. Nikaweka kanda, mzee akapiga gitaa, akatikisa kichwa. Nikabadilisha kile kigurudumu kinachobana ukanda. Akatikisa kichwa. Nikasema basi mbovu ni kinanda chake cha santuri, umeme wetu huu mwembamba. Akachukua gitaa lile lile akalipiga na santuri hiyo hiyo kwenye kinanda cha jirani, sawasawa kabisa. Mwisho, kwa hasira, nikatia kanda ya taarabu iliyorekodiwa kutoka televisheni ya Zanzibar. Mzee akaisikiliza, akapapasa nyuzi, akasema, "Hii haina kosa."

Sasa nikuulize wewe uliyekaa hapo mbele: deki inawezaje kukimbia kwa Elvis na isikimbie kwa taarabu?

Sikujua. Nilimtoza fedha za mpira na kigurudumu, akalipa, akaondoka hajaridhika, na mimi nikabaki na aibu ambayo fundi anaijua peke yake, ya kufunga kifuniko hujui ulichotengeneza.

Ilipita miaka kabla sijakutana na mtu aliyesomea utangazaji akanifungua macho. Ni jambo dogo. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde moja. Televisheni ya mfumo wa PAL, uliokuwa wetu na wa Uingereza, uliokwenda na umeme wa mizunguko 50, ilionyesha picha 25 kwa sekunde. Wafanyeje? Njia rahisi ni kuikimbiza sinema kidogo, 24 ziwe 25. Macho hayatambui. Sinema ya dakika 96 inakwisha kwa dakika 92, nani atalalamika? Lakini sauti nayo imekimbizwa. Imepanda kwa sehemu 4 katika kila 100, na hiyo kwa mpiga gitaa ni karibu robo tatu ya hatua kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata. Katikati, pasipo na pa kuweka kidole! Vile vile alivyosema mzee. Na taarabu ile ya Zanzibar ilipigwa kwa kamera ya televisheni tangu mwanzo, 25 kwa 25, kwa hiyo haikuguswa.

Kwenye sinema ya mapigano kosa hili halidhuru, ngumi haina ufunguo. Lakini hizi ni sinema za muziki, jamani. Muziki ndio mwili wake. Ulaya nzima, Afrika yetu, Uarabuni, watu walikaa miaka ishirini wakimsikia Elvis mwenye koo jembamba kuliko la Elvis, na hawakujua.

Cha kuchekesha zaidi, kanda za Marekani, za mfumo wa NTSC, hazikuwa na kosa hilo. Wao wana hila nyingine, picha nyingine wanazirudia ili hesabu ikae, na mwendo unabaki karibu ule ule. Lakini hizo ukizitia kwenye deki ya kwetu ya kawaida, picha inapanda juu kama pazia na rangi hakuna. Mpaka uwe na ile deki ya mifumo yote, iliyokuja na majahazi kutoka Dubai. Kwa hiyo ulichagua: muziki wa kweli na picha ya vurugu, au picha safi na muziki wa kukimbizwa. DVD zilipokuja, vijana wakaniambia, "Mzee, sasa mambo safi, sahani." Safi wapi? DVD ya PAL ilikimbia vile vile. Ni sahani za Blu-ray ndizo zilizorudi kwenye 24, kwa sinema za namna hii.

Basi nikamtafuta mzee. Nikamkuta barazani kwake Magomeni. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza yote, 24, 25, umeme, London. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nilikwambia inakimbia." Kisha akanidai fedha zake za mpira.

Nililipa.

Nikienda kwa aliyewakata watu, nitasema kwa ufupi, maana hapa roho inachafuka. Mwaka 1957 mtangazaji Alan Freed, yule aliyejitokeza mwenyewe kwenye tano za sinema hizi, alipata kipindi cha televisheni Marekani. Frankie Lymon, kijana mweusi wa miaka 14 mwenye sauti ya ndege, akaonekana akicheza na msichana wa kizungu. Vituo vya majimbo ya kusini vikapiga kelele, kipindi kikafutwa. Ndiyo dunia waliyokuwa wanapigia nyimbo hizi. Ndiyo maana mimi nikiona kwenye nakala ya zamani mwanamuziki mweusi anaingia ghafla na kutoka ghafla, kama aliyebandikwa, nauliza lile swali langu.

Lakini mkasi mwingine hauna chuki hata kidogo, una mikataba tu. Oktoba 1964, tarehe 28 na 29, kwenye ukumbi wa Santa Monica, California, mwongozaji Steve Binder alipiga sinema ya tamasha la muziki, *The T.A.M.I. Show*. Sikilizeni majina: Chuck Berry, Marvin Gaye, The Supremes, Smokey Robinson, The Beach Boys, James Brown, The Rolling Stones. Wote jukwaa moja! Na hawa hawakufungua midomo juu ya santuri, walipiga mubashara. James Brown anaanguka magoti, anafunikwa joho, anainuliwa, analitupa joho, anarudi kwenye maikrofoni, anaanguka tena. Baada yake ndio wakaingia Rolling Stones, watoto wa Kiingereza. Nawaonea huruma hadi leo.

Kisha nini? Baada ya kuonyeshwa mwanzoni, kipande cha Beach Boys kikatolewa kwa matakwa ya upande wao wenyewe. Nakala zikaendelea kuzunguka bila wao. Ikaja enzi ya video, na hapo fundo likakaza. Wimbo mmoja kwenye sinema una wenyewe wengi: yuko mtunzi na mchapishaji wake, yuko mwimbaji, iko kampuni ya santuri. Mikataba ya wakati ule iliandikwa kwa ajili ya kumbi. Nani mwaka 1964 angeandika "na kanda ya kutazamia nyumbani"? Kwa hiyo kila wimbo urudiwe kuombwa, kila mwenyewe arudiwe kubishiwa hodi. Miaka ya 1980 ikatoka kanda iliyochanganya vipande vyake na vya tamasha jingine. Nzima, na Beach Boys wao ndani, iliuzwa kihalali kwa mara ya kwanza kwenye DVD mwaka 2010. Toka 1964 hadi 2010. Mtoto aliyezaliwa siku ya tamasha alishakuwa na mvi.

Na je, sinema isiyo na mwenyewe? Hiyo iko kila mahali. *Rock, Rock, Rock!* ya 1956 haikuhuishiwa hatimiliki Marekani ilipofikisha miaka 28, kwa hiyo kila mwenye mashine ya kurudufu akairudufu. Chuck Berry yumo, Frankie Lymon yumo, Tuesday Weld msichana wa miaka 13 anaigiza na sauti ya kuimba ni ya Connie Francis. Lakini nakala nyingi utakazoziona ni nakala ya nakala ya nakala, uso wa Chuck Berry kama umepakwa unga. Kisicho na mwenyewe kila mtu anakichota, na hakuna anayekifua.

Nimalizie na mkasi wa ajabu kuliko yote, mkasi unaoongeza. *A Hard Day's Night* ya The Beatles ilitoka Julai 1964. Kampuni ya United Artists waliitolea fedha kwa sababu waliitaka santuri ya nyimbo zake, sinema kwao ilikuwa kisingizio. Mwongozaji Richard Lester akawapa kitu bora kuliko walichokilipia, lakini hiyo ni hotuba nyingine. Kulikuwa na wimbo ulioandikwa kwa ajili yake, "I'll Cry Instead". Lester akauacha, akaweka "Can't Buy Me Love" pale wanapokimbia uwanjani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sinema ikarudishwa kwenye kumbi, na huko wakaubandika wimbo ule ulioachwa, mwanzoni kabisa, juu ya picha za mnato. Lester hakuuweka. Mwaka 2014 kampuni ya Criterion wakatoa nakala iliyosafishwa kutoka negativu, na mwanzo ule haumo. Sinema imerudi kama alivyoitaka mwenyewe. Sawa, ni haki.

Lakini yuko mtu aliyeiona mara ya kwanza mwaka 1985, na kwake yeye sinema ile inaanza na zile picha za mnato. Akinunua ile mpya iliyosafishwa, ataniletea aulize, "Fundi, nani kakata hapa?" Nimjibu nini? Kwamba safari hii hakuna aliyekata, na alichokipenda ndicho kilichokuwa kiraka? Nimeletewa swali hilo, siyo mfano. Mama mmoja yuko humu ndani na anacheka sasa hivi. Na kanda yake ya zamani alikuwa ameshaitupa.

Ndiyo sababu nikamwomba Mwenyekiti aweke ile meza pale nyuma. Leo tutatazama pamoja *The Girl Can't Help It* kwa upana wake wote na kwa mwendo wake, picha 24, na mtamwona Tom Ewell akisukuma kingo zikaenda kweli. Sina ugomvi na sahani mpya. Ila kanda zenu msitupe kabla hatujazilinganisha. Nina deki mbili nzima, moja ya mifumo yote. Leteni mlizonazo, za rokenroli na za taarabu pia, tuone kilichomo ndani ambacho mahali pengine kimekatwa.

Jambo moja tu. Ukiona ndani ya kidirisha cha kanda kuna weupe kama vumbi la chaki, huo ni ukungu wa pwani. Usiitie kwenye deki yoyote, usiizungushe mbele wala nyuma, utauhamishia kwenye hedi na kanda zote zitakazofuata. Ifunge kwenye karatasi, andika jina lako juu, iweke upande wa kushoto wa meza. Za upande wa kulia ni zile nzima.

Asanteni.